Upande wa Kushoto Haujasukwa

Enzi zetu tarehe ilikuwa mali ya mwalimu. Sisi watoto wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi, Katanga, hatukuwa na simu wala saa, na kalenda ya nyumbani ilikuwa moja tu, ile iliyogawiwa na kampuni mwisho wa mwaka ikiwa na picha ya shimo la mgodi. Baba aliitundika juu kabisa ili tusiichezee. Kilichotuambia saa kilikuwa king'ora. Kikilia alfajiri, baba alikuwa tayari mlangoni na kofia yake ngumu. Kikilia mchana, mama alikuwa anasonga bukari, yaani ugali wetu wa mahindi. Kikilia jioni, tuliacha kuruka lastiki tukakimbia kunawa miguu, maana ole wake atakayepanda kitandani na lile vumbi jekundu. Miezi nayo tuliihesabu kwa posho: unga, maharagwe, mafuta, na samaki wa chumvi wanaonuka hadi kanisani. Mtu akisema shangazi yake alikuja posho iliyopita, hakuna aliyeuliza maana yake.

Lakini tarehe yenyewe, ya namba na mwezi, hiyo aliijua mwalimu wetu. Kila asubuhi aliiandika ubaoni kwa Kifaransa, kwa mwandiko wenye mikia mirefu, akaipigia mstari wa chaki nyekundu. Kugusa mstari ule kulikuwa kutafuta fimbo. Ndiyo maana kuna tarehe moja ninayoijua kama jina langu. Sitaiandika hapa. Ninyi wa rika langu mnayo ya kwenu, kwa sababu miaka ile, mwanzoni mwa tisini, kila mtaa ulipata ya kwake.

Juzi ulimi uliniteleza nikaitaja mbele ya binti yangu Merveille. Watoto wa sasa hawawezi kukaa na swali hata kidogo, lazima walipeleke mahali. Alichomoa simu, akaandika tarehe, na kabla sijafunga mdomo simu ikamjibu kwa miaka, miezi na siku. Akapiga mluzi.

"Mama! Ile ni zamani sana. Mi sikukuwa hata mu tumbo yako."

Kisha akarudi kwenye video zake za watu wanaocheza ngoma jikoni huku chakula kikiungua. Mimi nilibaki na ile namba. Ilikuwa kubwa, hiyo ni kweli, na ilinichukiza. Namba ilisema zamani sana, na moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa mtu aliyetoka kukimbia sasa hivi. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka bombani kuchota maji, na pale bombani nilikuwa nimesikia maneno ninayoyafahamu.

Ngojeni kwanza niwaeleze nilikoyasikia mara ya kwanza.

Nyumba za kambi zilikuwa mbili mbili, ukuta mmoja katikati. Upande mmoja tulikuwa sisi, watu wa kaskazini ya Katanga. Upande wa pili alikuwa rafiki yangu Ngalula na wazazi wake. Ngalula alizaliwa Kolwezi, baba yake alizaliwa Kolwezi, ila babu yake ndiye aliyetoka mkoa wa Kasai enzi za wazungu, kuja kufanya kazi ya reli. Mama yake tulimwita Mamu, kwa sababu ndivyo watu wa kwao wanavyomwita mama anayeheshimika. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba. Mamu akikaanga samaki, sisi tulishiba harufu. Baba na mama wakigombana, Mamu aligonga ukuta kwa mwiko, na ugomvi ukafa kwa aibu. Lugha ya kwao na ya kwetu ni ndugu, hivyo mama na Mamu waliweza kumsengenya mtu kila mmoja kwa lugha yake na kucheka mahali pale pale.

Mvua za kwanza zilipoleta masuku, yale matunda ya porini, sokoni, mimi na Ngalula tuliyanunua kwa mafungu, tukanyonya ule utamu wake wa njano na kutemeana mbegu. Tuliruka lastiki mpaka magoti yakauma. Kina dada wakubwa walicheza nzango, kuruka na kupiga makofi na miguu, sisi tukiwaiga pembeni na kuanguka. Siku hizi namwona Merveille na marafiki zake wameketi mstari mmoja ukutani, kila mtu anacheka na simu yake. Nilimuuliza wanacheza nini, akasema wanacheza wote pamoja.

Kilichonitia raha kuliko vyote kilikuwa kusukwa. Mamu ndiye aliyesuka mtaa mzima. Alikaa nje kwenye kiti kifupi, akakuweka chini katikati ya magoti yake, akakubana kama kuku wa kuchinjwa, na hapo husogei mpaka uishe. Alisuka kwa uzi mweusi, ncha moja ameishika kwa meno, kwa hiyo amri zake zilitoka upande wa mdomo. "Kaa muzuri, mutoto. Kichwa yako iko natikisika kama traine ya Tenke." Alianza upande wa kulia siku zote. Na alikuwa na sheria yake, ambayo kina mama wote wa kambi waliifuata. Ukianzishwa na mtu, mtu yule yule ndiye anayekumaliza. Hata ukikatizwa na mvua au na msiba, utalala na nusu kichwa, utafunika kitambaa, utamrudia kesho.

"Mukono yenye ilianza kichwa," alisema, "njo yenye inamaliza."

Sasa, kampuni ikaanza kuugua. Sisi watoto tuliujua ugonjwa wake kwa sahani. Samaki walitangulia kukosekana, yakafuata maharagwe, kisha unga wenyewe ukaanza kuchelewa. King'ora kikawa kinalia ovyo. Kuna asubuhi hakikulia kabisa, na baba akasimama mlangoni na kofia yake kichwani, akingoja, mpaka jua likapanda na mama akamshika mkono akamketisha. Sikuwa nimewahi kumwona baba akiketishwa na mtu.

Njaa ikiingia mji hutafutiwa mwenyewe. Wakubwa wa siasa wakaanza kusema kwenye mikutano kwamba kazi zetu zimeliwa na watu wa Kasai, kwamba warudi kwao. Wakawapa jina, bilulu, yaani wadudu. Kaka yangu alirudi nyumbani akiliimba kama wimbo mpya wa mpira, na mama akampiga kofi la mdomo, kisha akautazama ukuta. Upande wa pili palikuwa kimya. Jioni ile baba alisema ni makelele ya wakubwa tu, yatapita. Alisema kwa kunong'ona. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana baba yangu hakuwa mtu wa kunong'ona.

Ile tarehe ilikuwa Alhamisi. Mwalimu aliiandika, akaipigia mstari, tukasoma hesabu. Mwalimu naye alikuwa mtu wa Kasai, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hata mara moja kabla ya siku ile. Alituachia mapema, akatuambia tupite njia ya nyuma ya kanisa.

Alasiri nilikuwa kati ya magoti ya Mamu, kwa sababu Ijumaa ilikuwa siku ya ukaguzi wa kucha na nywele. Ngalula alikuwa ameketi kando akingoja zamu, nywele zake zote zimefumuliwa zimesimama. Upande wangu wa kulia ulikuwa umekwisha. Tukasikia nyimbo, kisha tukawaona. Ni vijana, wamejifunga majani kichwani, wanapita nyumba kwa nyumba, na kwenye nyumba nyingine hawasimami. Kwetu hawakusimama. Walisimama kwa Mamu. Mbele yao alikuwa golikipa wa mtaa wetu, yule aliyekuja kunywa maji kwa Mamu kila baada ya mpira. Hakumtazama usoni.

"Mamu," akasema, "mwisho ni kesho asubui. Musibakie hapa tena."

Alimwita Mamu bado. Hilo mpaka leo linanitia baridi kuliko kama angemtukana.

Uzi ulikuwa kwenye meno ya Mamu. Alimaliza fundo alilokuwa analifunga, akaukata, akachomeka kitana ndani ya kanga yake, akasimama. Nilihisi hewa mgongoni pale yalipokuwa magoti yake. Akanigusa upande wa kushoto.

"Ile ingine nitamaliza wakati nitarudia."

Asubuhi Mamu na watu wake walikuwa wamekwenda stesheni kama watu wengine wote wa Kasai. Walioondolewa hawakupata treni siku ile, wala wiki ile. Walikaa pale chini ya mashuka, wakiingoja. Baba aliendelea kutuambia kwamba mambo yatatulia. "Posho mbili tu," alisema, "posho mbili, beko pa nyumba," yaani watakuwa wamerudi nyumbani. Alifunga mlango wao kwa kufuli letu na kumfukuza kila aliyeutazama sana. Mama naye alikwenda stesheni alfajiri na bukari chini ya beseni la nguo chafu, kwa sababu aliyeonekana akiwalisha aliitwa msaliti, na msaliti nyumba yake ilijulikana. Kila alipotoka nililala macho wazi nikisikiliza hatua zake zirudi.

Siku moja nilimlilia mpaka akanichukua. Nilikuwa na kitambaa kichwani, na ndani ya gauni nimeficha kibunda cha uzi mweusi. Stesheni ilikuwa moshi na kikohozi. Watu walikuwa wamebeba sufuria, cherehani, wengine mpaka milango waliyoing'oa. Mamu alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, na Ngalula amelala nyuma yake, amefunikwa, anakohoa. Nywele zake zilikuwa bado zimefumuliwa. Nilivua kitambaa, nikaketi chini mbele ya magoti ya Mamu, nikamnyooshea uzi juu ya bega bila kugeuka.

Aliucheka mgongo wangu kwanza. Kisha akaushika mkono wangu, akaurudisha uzi kiganjani, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja.

"Apana, mutoto yangu. Nikimaliza leo, nitarudia juu ya nini?"

Mama yangu akageuka akatazama reli.

Safari iliyofuata mama alirudi na beseni lake na chakula chake. Treni ilikuwa imeondoka upande wa Tenke. Baadaye watu walisimulia mambo ya njiani, kwamba yale mabehewa yalisimama porini siku na siku, kwamba wapo watoto waliozikwa kando ya reli. Kila msimulizi aliposema watoto, mimi nilisikia kikohozi kimoja tu. Sijui Ngalula alifika. Mpaka leo ninapoandika, sijui. Merveille amewahi kumtafuta mtandaoni, wakatokea akina Ngalula tele wamepaka midomo rangi. Nilizitazama picha zote mpaka macho yakauma, nikimtafuta mtoto.

Shule ilipofunguliwa tulikuta tarehe bado iko ubaoni, na mstari wake mwekundu. Hapakuwa na aliyeifuta. Mwalimu mpya, mama mmoja aliyeletwa kutoka Kisenge, alichukua kifutio, akageuka, akatuona nyuso zetu. Akakiweka chini. Aliandika tarehe ya siku ile kando, na ya mwalimu wetu ikabaki pale kwenye pembe, ikififia yenyewe kwa jasho la mikono na mvua za dirishani, na kila asubuhi tulizisoma mbili.

Huyo huyo ndiye aliyenirudisha nyumbani kwa ajili ya kichwa. Upande wa kulia nyuzi zilikuwa zimeliwa na nywele, upande wa kushoto pamekuwa kichaka. Mama alinikata kwa mkasi wa kitambaa. Nililia mpaka nikatapika, naye akanibembeleza kwamba nywele huota. Nililia kwa sababu nilidhani Mamu sasa hana cha kumrudisha.

Posho mbili zikapita. Kisha posho yenyewe ikafa, na king'ora kikafa, na tukakosa cha kuhesabia. Kwa hiyo sikubaliani na ile simu. Kwa hesabu ya marehemu baba yangu, muda wa Mamu kurudi haujatimia bado.

Tangu mkasi ule mpaka juzi nilikuwa sijaketi kati ya magoti ya mtu. Nywele zangu nilizifunga mwenyewe, nikafunika kitambaa, na Merveille aliniambia nafanana na mtawa.

Nyumba ni ile ile, nilimrithi baba. Chumba cha nyuma nimempangisha binti mmoja kutoka Mbuji-Mayi, kule kule Kasai, anaitwa Kapinga. Ni msusi. Alikuja kama wanavyokuja wengi siku hizi, maana kobalti imevuta watu kila upande, na huko mtaa wa Kasulo wenye nyumba wenyewe wamechimba chini ya vitanda vyao. Kapinga haulizi madini. Aliweka kiti chake kifupi uani, akatundika picha za mitindo kwenye ukuta wa uani, mwendelezo wa ule ule wa kwa Mamu, na wateja wakajaa. Wiki hizi wamepungua. Wiki iliyopita hakuja hata mmoja. Ndipo bombani, mama mmoja wa mtaa wa pili, mtu wa sala kabisa, akatwika ndoo yake na kusema bila hasira:

"Bale bantu banakuwa mingi. Siku moja batarudia kwabo."

Wengine waliitikia kwa koo tu. Maji yangu yalifurika yakamwagika miguuni sikujua. Nilipomweleza Merveille alisema ni mazungumzo tu, mama, na jirani akaongeza kwamba yaliyopita si ndwele. Sawa. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi najua mimi ni muoga. Ila najua pia kwamba mara ya kwanza ilianza kwa watu wema wakisema jambo bila hasira.

Ijumaa jioni Kapinga alinijia mlangoni. Alikuwa amebeba kiti chake na kikapu cha vitana.

"Mama Merveille, mi naona nirudie kwetu kidogo. Banaanza kuniangalia mubaya. Niko naacha bitu yangu kwako. Nikirudia, nitaikuta."

Nilikipokea kile kiti. Nikikubali kukitunza, nilijua nitakitunza mpaka nife.

Jana, Jumamosi, nilikibeba kiti. Sikukiweka uani. Nilikipitisha getini nikakiweka barabarani, mahali wapita njia wote wanaona, nikamwita Kapinga. Nikavua kitambaa. Nikakaa chini.

"Anza."

"Hapa inje, mama?"

"Hapa inje. Na uzi mweusi, ya zamani."

Alianza upande wa kulia bila kuambiwa. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyouma. Nilikuwa nimesahau pia kwamba kutoka pale chini mtu huuona mji wote kwa miguu: viatu vya watoka sokoni, magurudumu, vumbi. Viatu vilipunguza mwendo vilipotufikia. Yule mama wa bombani alipita, akanisalimu mimi, hakumsalimu Kapinga. Kapinga alinibana zaidi kwa magoti, akaendelea kusuka.

Upande wa kulia ulikuwa umekwisha pikipiki zilipokuja. Vijana, wawili wawili juu ya kila moja. Wakasimama, injini zinanguruma. Nilihisi vidole vikiachia kichwa changu.

"Mama," akaninong'oneza, "ile ingine nitamaliza kesho."

Nilimshika goti kwa mikono yote miwili kabla hajanyanyuka.

"Apana. Ile kesho nilishaingoja. Maliza leo."

Kisha nikainua uso nikamtafuta aliyekuwa mbele. Nilimjua, mama yake tulisoma naye, naye alikuwepo siku zile za tarehe mbili ubaoni. Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

"We, mutoto ya Jeannette. Mwambie mama yako akuye asukwe. Nafasi iko. Na mwambie ni mi, Ngoie, njo nimesema."

Mmoja nyuma yake alicheka. Mtoto wa Jeannette hakucheka. Alitazama picha za mitindo zinazoonekana ndani ya geti, akanitazama mimi mama mzima niliyeketi vumbini na nusu kichwa, akatia gia. Walikwenda. Sijui kama wamekwenda kabisa au wamekwenda kuita wenzao. Sitadanganya kwamba nilipata amani.

Enzi zetu tuliongozwa na king'ora, na hakuna king'ora kilichotuonya. Watoto wetu wana simu inayojua miaka, miezi na siku, tena bila kukosea, na bado hawajui wako umbali gani na lile jambo. Natamani zamani iwe mbali kama wanavyodhani. Natamani siku moja niwe kikongwe tu anayerudia hadithi, na wajukuu wapige miayo.

Merveille alitoka na simu yake, akanikuta nimekaa vile barabarani. Kwa mara ya kwanza hakunitania. Akaomba nigeuke anipige picha.

Nikamwambia angoje, upande wa kushoto bado. Nyuma yangu Kapinga aliweka uzi kwenye meno.